Wimbo wa Mwisho, Upande B

Jumatatu, 13 Machi 1995

Dada Zuhura, usininunie. Daftari hili ulinipa nikiwa na mimba, ukasema niandike kila siku ili ukilisoma huko Tabora uone kama tunakaa jamvi moja. Sasa Nassoro ana meno mawili na hili ndilo neno la kwanza. Sina udhuru wa maana. Kila nilipokaa na kalamu, ama mtoto aliamka ama mimi nilisinzia. Masika yakiisha nitampa mtu wa treni akuletee, safi au chafu.

Kilichonisukuma leo ni hiki: nimeambiwa nikaimbe kwenye kanda.

Unamkumbuka Abdi, fundi redio mwenye kibanda cha kanda nyuma ya soko? Wale ndugu wa Afrika Kusini walipofungasha kutoka Mazimbu kurudi kwao, alinunua kwao kinanda na mashine ya kurekodia. Sasa ametengeneza mdundo mmoja wa rege. Besi yake inatembea kama mtu mzito aliyeshiba. Juu ya mdundo huohuo kila mwimbaji anaweka maneno yake, mmoja baada ya mwingine, mpaka kanda inajaa. Mwenyewe anauita ridimu. Waimbaji wote ni wanaume, na wote wanaimba kuilaani Babiloni, yaani dunia ya wakubwa.

Jumamosi nilipeleka redio yetu kutengenezwa. Abdi alikuwa anacheza huo mdundo mtupu, Nassoro analia mgongoni, nami nikaanza kumbembeleza bila kufikiri:

*Mitumba ruksa, lala mwanangu,*
*Maduka ruksa, lala mwanangu,*
*Hata redio za watu binafsi ruksa, lala mwanangu,*
*Mama yako tu hajapewa ruksa ya kulala.*

Abdi akaacha kuchomea waya. "Mama Nassoro, rudia."

"Nirudie nini?"

"Hayohayo. Nakupa nafasi ya mwisho, upande B. Lakini kanda naifunga kabla ya Pasaka. Asiyewahi, hayumo."

Dada, tangu niolewe sijawahi kutaka kitu kwa namna hii. Salimu sijamwambia. Yuko njiani na lori, Dar na Tunduma, Tunduma na Dar. Kiwanda kilipompunguza alisema utingo ni wa muda tu. Muda wenyewe huu.

Alhamisi, 16 Machi

Nimekwenda. Mvua. Bati la kibanda cha Abdi halina dari, tone moja likidondoka mashine inalichukua kama ngoma. Tumerudi tumelowa.

Jumamosi, 18 Machi

Mvua hamna. Umeme hamna.

Jumanne, 21 Machi

Umeme upo, mvua hamna, Nassoro hataki kulala. Nilimtembeza mpaka stoo za nafaka na kurudi. Alipofumba macho, umeme ukakatika.

Ijumaa, 24 Machi

Mvua.

Jumamosi, 25 Machi

Mvua, na maandazi yangu hayakuumuka kwa baridi. Nimeyauza hivyohivyo. Mteja mmoja ameuliza kama ni ya kula au ya kujengea.

Jumanne, 28 Machi

Leo nimempeleka Nassoro Bigwa kwa mama mkwe, nikidhani nitamwacha nirudi mjini nikarekodi. Unajua jinsi nilivyo na Mama Mwanahawa. Namwamkia, anaitikia, halafu kila mtu anatazama pembeni. Mara ya mwisho aliniambia maji ya uji yalichemka upande mmoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mume wangu huyo umemvika nini? Kofia ya kike?"

Mume wake ni Nassoro. Bibi na mjukuu, basi mimi ni mke mwenza. Hilo nimelizoea. Nilipomwambia nina kazi mjini akauliza kazi gani. Nikasema kuimba. Akaendelea kuchambua mboga.

"Kuimba arusini?"

"Kwenye kanda, mama. Rege."

"Wale wenye nywele?"

"Na wale pia."

Akampakata mjukuu wake akaingia ndani. Nikaelewa jibu. Nikamchukua mtoto wangu, nikashuka naye mvuani. Nimekasirika, dada, na viatu vimebaki kwenye matope ya mlima wao.

Ijumaa, 31 Machi

Umeme hamna. Waimbaji wengine wote wamekwisha kurekodi. Nimebaki mimi.

Jumatatu, 3 Aprili

Mtoto ana homa ya meno. Sikwenda.

Jumatano, 5 Aprili

Nimerudi sasa hivi na hasira, nitaandika vibaya.

Homa ilishuka asubuhi. Jua lilitoka, umeme ulikuwepo, Nassoro alilala mgongoni kabla hata sijafika sokoni. Nikasema leo Mungu amefungua. Nafika kwenye kibanda, mlango umerudishwa, nasikia mdundo. Halafu nasikia sauti ya kiume, nzito, tamu, inasema: *lala mwanangu.*

Nilidhani nasikia vibaya. Nikasimama hapo kwenye maganda ya miwa. Inasema mitumba ruksa. Inasema maduka ruksa. Ni maneno yangu yote, dada, hata pale ninapovuta pumzi kabla ya "mama yako tu", na yeye amevuta.

Nikasukuma mlango. Ndani wako Abdi na Stephano, yule rasta aliyekuwa kiwandani na Salimu, sasa anauza mikanda ya ngozi. Stephano akavua vile vya kusikilizia vya masikioni kama mtu aliyekutwa jikoni kwa watu.

Abdi hakushtuka. "Mama Nassoro, Pasaka hii hapa. Wewe leo mvua, kesho mtoto. Nimeona wimbo usipotee."

"Haukupotea. Ulikuwa kwangu."

"Kuimba ni kuimba. Wimbo hauna mwenyewe, upepo tu huo. Na Stephano ana sauti ya kuuza."

"Mtoto ni wake?"

"Mtoto gani?"

"Anayeambiwa alale. Stephano, una mtoto?"

Stephano akatazama chini. "Sista, sina hata paka."

Vijana waliokuwa wamejazana mlangoni wakacheka. Abdi akachukia kuchekwa. Akasema yeye ndiye mwenye mashine, yeye ndiye mwenye ridimu, na ninyi akina mama mkipewa nafasi mnaleta na nepi. Maneno hayo, dada. Mimi ambaye redio yake ya kwanza kutengeneza mtaani ilikuwa yangu, nikamsifu kwa watu! Nilikuwa namwona Abdi mtu wa maendeleo. Kumbe maendeleo yake yana mlango mdogo.

Nikamwambia: "Futa."

"Sifuti."

"Basi kila asubuhi nitakaanga maandazi mbele ya kibanda chako, na kila anayenunua nitamwimbia bure. Tuone kanda yako utamuuzia nani."

Akanitazama kuona kama natania. Nassoro akaamka akaanza kulia, nami sikumnyamazisha. Nilimwacha alie ndani ya kibanda mpaka Abdi akashika kichwa.

Akasema: "Haya. Mpaka Alhamisi ya kabla ya Pasaka. Usiporekodi, natoa ya Stephano."

Jumamosi, 8 Aprili

Mvua toka alfajiri. Milima haionekani, kama imehamishwa.

Jumanne, 11 Aprili

Mvua. Umeme upo. Nimekaa kwenye baraza ya jirani wa Abdi kutwa nzima nikisubiri ikatike hata kidogo. Jioni Stephano alikuja akasimama karibu, akanipa kipande cha muhogo. Sikukitaka. Akasema, "Sista, mimi Abdi aliniambia wewe umeghairi."

Nikaula ule muhogo.

Jumatano, 12 Aprili

Nassoro alikohoa kutwa. Nimempandisha Bigwa, maana Mama Mwanahawa anajua majani ya kifua. Sikuwa na pengine. Alitupokea, akamfukiza, akampaka, akamlaza. Mvua ikaja kama mchanga unamwagwa. Nikangoja mtoto ashtuke kama anavyoshtuka kwangu bati linapoanza. Hakushtuka. Nikagundua kwamba namsikia akipumua. Mvua yote ile, nami nasikia pumzi ya mtoto.

Nikatazama juu. Nyasi.

Unajua nilivyoionea haya nyumba hii, dada. Watu wote wa Bigwa wanaezeka bati, mama mkwe wangu anabadilisha nyasi. Salimu alimletea mabati mawili akayafanya mlango wa banda la mbuzi. "Bati lina mdomo," alisema.

Nikamuuliza, "Mama, ningewaleta watu hapa kesho kurekodi, ungekataa?"

"Siku ile nilikukataza?"

"Uliingia ndani na mtoto."

"Niliingia kumlaza! Ulisema una kazi mjini. Natoka, mke mwenzangu kaniibia mume kakimbia naye mvuani. Nikasema huyu binti ana wazimu au mimi nanuka?"

Tulitazamana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka.

Alhamisi, 13 Aprili

Mvua, na habari ya umeme haituhusu, huku Bigwa haupo hata mjini ukiwepo.

Nilishuka asubuhi nikamwambia Abdi. Akasema mashine yake haiendi kwenye nyumba ya nyasi. Stephano akasema inaweza kutumia betri ya gari, si ndivyo Wasauzi walivyokuwa wanaitumia uwanjani? Abdi akasema betri ni nzito, njia ni mbovu. Stephano aliazima betri kwa fundi wa magari, akaifunga kwenye nailoni, akajitwika juu ya zile nywele zake kama kata ya maji. Abdi akabaki anamwangalia. Mwisho akafuata na mashine yake chini ya mwavuli, akilaani kila kokoto la Bigwa.

Mama Mwanahawa alimtazama Stephano kuanzia juu mpaka chini. Stephano akapiga magoti kidogo. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hizo nywele zimebeba betri?"

"Ndiyo bibi."

"Kumbe zina kazi. Kaa karibu na moto."

Walifunga mlango. Kuku wakatolewa. Abdi akanivisha vile vya masikioni, na ridimu ikaingia kichwani mwangu kama mtu anayejua nyumba. Mvua nje ilikuwa inasema *shhh* tu, kama inatusaidia kubembeleza. Nassoro nilimpakata, nikamwimbia yeye. Sikumwimbia Abdi wala kanda. Pale kabla ya ubeti wa mwisho mtoto akakohoa. Nikasimamisha pumzi, nikidhani Abdi atakata. Stephano akamshika Abdi mkono.

Nilimaliza.

Abdi akasema, "Kikohozi hicho turudie."

Mama Mwanahawa akasema, "Rudia wewe ukohoe."

Haikurudiwa.

Jumamosi, 15 Aprili

Kanda imetoka leo. Nimeishika. Jalada lina majina ya wanaume wote kwa herufi kubwa, halafu mwishoni: "na wengine". Hao wengine, dada, ni mimi peke yangu. Nilimuuliza Abdi, akasema karatasi ilikuwa fupi.

Lakini nimo. Sauti yangu imo.

Alhamisi, 20 Aprili

Balaa. Watu wanarudisha kanda.

Nilikuwa pale kwa maandazi yangu. Wa kwanza alikuwa Mama Hidaya wa duka la kanga. Akaitupa mezani. "Abdi, mashine yako ni mbovu. Umeniuzia wimbo mmoja."

"Ni nyimbo tisa, mama."

"Tisa wapi! Nimekaa upande A mzima nasubiri wa pili uanze!"

Nyuma yake mwingine, na mwingine. Mmoja amesema kanda imekwama. Mwingine amesema amemsikia mwimbaji akibadilika sauti akajua betri zimekwisha, akaenda kununua nyingine. Abdi anaeleza, "Hii ni ridimu, ridimu moja, ndivyo ilivyo Jamaika." Wanamjibu wao wako Morogoro.

Mama Mwanahawa alikuwa ameshuka na mkungu wa ndizi. Akasikiliza, akasema, "Anasema hirimu. Nyinyi hamsikii? Hirimu moja. Vijana waliotoka jandoni pamoja wanatembea mwendo mmoja. Mkitaka kuwajua, sikilizeni midomo, msitazame miguu. Na ngoma ya mwali je? Si ngoma ni ileile mpaka asubuhi, kila shangazi anatupia wimbo wake?"

Mama Hidaya akasema, "Eh. Kumbe." Akaichukua tena kanda yake.

Abdi angepaswa kumshukuru. Alisema, "Bibi, ni ri-di-mu," na wanaume wakacheka, na maneno mazuri yale yakafia hapo. Wengine wote walirudisha. Hakuna aliyefika upande B.

Jumamosi, 29 Aprili

Kanda zimerundikana kwa Abdi kama matofali. Mvua imepungua. Sasa ndiyo inapungua.

Jumamosi, 6 Mei

Nimemkuta Abdi anafuta. Amepata nyimbo za dansi za zamani, anazirekodi juu yetu, kanda baada ya kanda, mashine mbili kwa pamoja. Jalada amegeuza ndani nje. Idi Kubwa iko karibu, anataka kuuza.

"Zote?"

"Zote. Watu wanataka dansi."

"Bakiza moja."

"Moja ya nini? Nimekwambia, watu wanataka dansi."

Stephano alikuwepo, anashona mkanda, hakuinua uso. Nilisimama nikatazama gurudumu dogo linavyozunguka. Sikulia. Nilinunua nusu ya sabuni nikaenda nyumbani nikafua nepi zote, hata zilizokuwa safi.

Jumatano, 10 Mei

Idi. Pilau kwa Mama Mwanahawa. Nassoro amesimama akishika kigoda. Sikuwa na moyo wa kuimba, na mama hakuniuliza. Alinipa mnofu wa kwanza.

Ijumaa, 19 Mei

Hakuna.

Jumanne, 23 Mei

Mvua ndogo. Maandazi yameumuka.

Jumamosi, 27 Mei

Salimu amerudi leo mchana. Dada, kaa vizuri.

Aliingia na mfuko wa vitunguu, hakuuweka chini. Hakumwangalia hata mtoto. Akasema, "Mama Nassoro, umeimba lini?"

Nikajua sasa ni ugomvi. Nikajifanya sielewi. "Kuimba wapi?"

"Tumesimama Mikese jana kula. Yule mama ntilie ana redio kaseti, inapiga dansi. Dansi likaisha. Yeye mikono imejaa unga, hakuizima. Kanda inazunguka kimya. Mimi nakula zangu. Mara linaingia rege, na mwanamke anaimba. Nikasema sauti hii inafanana na ya mtu. Halafu, Shamsia, mtoto akakohoa."

Ameniita Shamsia. Tangu nizae hajaniita.

"Nikasema kikohozi kile nakijua. Nimesimama na sahani mkononi. Dereva anapiga honi, nikamwambia subiri, mke wangu anaimba. Akadhani nimeugua malaria."

Nilikaa kitako. Polepole nikaelewa. Zile nyimbo za dansi ni fupi kuliko kanda. Abdi amefuta mpaka dansi lilipofika, akazima, akaendelea na nyingine. Mkia wa upande B hakuugusa. Wanaume wote wamekwenda na Babiloni yao. Nimebaki mimi, kwenye kila kanda aliyouza Idi.

"Yule mama," Salimu akasema, "anaiacha makusudi. Wateja wake wanaujua. Dansi likiisha wanaambiana, 'Ngoja, bado mama ruksa.'"

"Umekasirika?"

Akafikiri. Salimu ni mtu wa kufikiri polepole. "Nimekasirika kwamba Mikese wamekusikia kabla yangu."

Basi nikamwimbia. Vitunguu bado kakumbatia.

Jumanne, 30 Mei

Abdi amepanda Bigwa mwenyewe na kunikuta huku kwa mama mkwe, kwa miguu, bila mwavuli kwa kuwa hakuna mvua. Watu wamekuja kibandani wanataka "ile ya mama na kikohozi". Wanawake hasa. Wanasema wanaisikia wakikanda unga au wakifua, wakati mikono haiwezi kufikia kitufe. Anataka nirekodi upande mzima.

Nimemwambia masharti yangu mbele ya Mama Mwanahawa. Ridimu ni ileile, hatubadilishi hata besi. Waimbaji ni wanawake: mimi, Mama Hidaya, Asia anayesuka nywele Mwembesongo, na mama mwenyewe, ambaye amesema ana moja ya mwali lakini si ya kusikilizwa na Abdi. Stephano atabeba betri na kuitikia. Tunarekodi hapa, chini ya nyasi. Na majalada tunaandika sisi kwa mkono, kila mtu na jina lake lote.

Abdi akasema, "Karatasi fupi, mama Nassoro."

"Shamsia," nikasema. "Na karatasi tutatafuta ndefu."

Mama Mwanahawa akamkaribisha uji. Alikunywa.

Dada, mtu wa treni anapita kesho, nalifunga daftari. Yeye anarudi mwezi ujao, mpe mkononi, usimpe mwingine. Ninavyohitaji bado ni hivi:

Kanda tupu za dakika sitini, zikiwa bado kwenye nailoni. Usitume za mahubiri yaliyofutwa.

Maji ya betri, chupa moja, uifunge wima.

Viatu vya Nassoro vya kuanzia kutembea, vipana kwa mbele, ana mguu wa baba yake.

Kofia, na iwe ya kiume, bibi yake ameshasema.

Blanketi kuukuu la kuziba dirisha. Mvua imekwisha, sasa kelele ni za ndege wa porini.

Karatasi ngumu nyeupe, zile ndefu za ofisini kwenu.

Kalamu ya wino mweusi, nene. Ya bluu Abdi anayo, lakini ikipata unyevu inachujuka.